Fundi asiyepatana na mwenye nyumba: ni nani anapashwa kumlipa?

Tuweke casus, kama tulivyozoezwa katika masomo ya Moralia, na tutumie majina yale yale ya vitabu. Titus ana kiwanja chake mjini Bukavu. Anapatana na Caius kusudi amjengee nyumba, tangu msingi mpaka rangi, kwa bei ya dola 20.000. Caius ni mkubwa wa kazi. Wengine wanamwita antreprenere. Lakini Caius hajui useremala. Basi anamwita Sempronius na kupatana naye kwa dola 4.000, juu ya mbao za paa, mabati, milango na madirisha. Titus anamwona Sempronius kila siku juu ya paa, wanasalimiana, hata wameonja chakula pamoja; ila hawakupatana neno lolote juu ya feza. Titus amekwisha kumpa Caius dola 14.000. Caius amempa Sempronius dola 1.000 tu. Kisha Caius anatoweka. Wengine wanasema yuko Goma, wengine wanasema Kalemie. Sempronius anamwendea Titus: «Mabati yaliyo juu ya kichwa chako ni jasho langu. Nilipe dola 3.000 zangu.» Titus anajibu: «Mimi sikukuita.» Na wote wawili wanakuja kwa Padri.

Casus hii si ya kitabu tu. Katika miji yetu nyumba nyingi zinajengwa hivi, na mara nyingi watu wanafika misioni mbele ya kufika kwa avoka, kwa sababu avoka anaomba feza na Padri haombi. Tena katekista ndiye anayeitwa awe shahidi. Inafaa tujue maneno ya sheria, maana huruma peke yake itatufanya tumpe haki yule anayelia zaidi.

Tuanze na msingi. Sheria yetu ya mapatano ni Dekreti ya tarehe 30 ya mwezi wa 7, mwaka 1888, ambayo ndiyo Kitabu cha III cha Code civil ya Kongo. Kipengele cha 33 kinafundisha kwamba mapatano yaliyofanywa vema ni kama sheria kwa wale walioyafanya, na kwamba inapashwa kuyatimiza kwa nia njema. Kipengele cha 63 kinaongeza jambo ambalo watu wengi hawalijui: mapatano yana nguvu kati ya wale waliopatana tu, hayamdhuru mtu wa tatu, wala hayamletei faida, isipokuwa pale sheria yenyewe imesema hivyo. Wanasheria wa Roma waliiita res inter alios acta, jambo lililofanywa kati ya watu wengine. Katika casus yetu mapatano ni mawili: moja la Titus na Caius, moja la Caius na Sempronius. Kati ya Titus na Sempronius hakuna kitu.

Watu wataona kama sheria hii ni kali. Lakini ufikiri: Caius amemwita Sempronius, Sempronius naye amenunua mbao kwa deni, muuza mbao alikodi motokari kuzileta toka porini, mwenye motokari ana deni la mafuta. Kama kila mmoja wao angaliweza kupiga hodi kwa Titus, ni nani angalithubutu kujenga nyumba? Titus alikubali bei moja, na mtu mmoja. Hakuchagua mafundi wala hakujua mishahara yao. Kumlipisha mara mbili ni kumfanya awe mdhamini wa Caius bila kumwuliza.

Sempronius hatanyamaza. Atasema: «Sawa, hatukupatana. Lakini kazi yangu iko ndani ya nyumba yake, naye amepata mali bila kunilipa.» Neno hili lina uzito, na majuji wamelisikia zamani. Katika Ufaransa, tarehe 15 ya mwezi wa 6, mwaka 1892, Kasasio ilikata kesi ya mfanyabiashara mmoja, Boudier. Alikuwa amemwuzia mkulima mbolea. Mkulima yule alikodi shamba la mtu mwingine. Akashindwa kulipa, akatoka, akamwachia mwenye shamba mavuno yaliyokuwa bado yamesimama. Boudier akamdai mwenye shamba, ingawa hakupatana naye hata kidogo. Akashinda. Tangu siku ile imekubaliwa katika sheria ya Kifaransa kwamba mtu asijitajirishe bila sababu kwa hasara ya mwenzake.

Lakini tusikimbie. Kesi ile ilifungua mlango mpana mno, na miaka iliyofuata majuji wenyewe waliukaza. Neno kubwa ni lile, «bila sababu». Titus hakupata mabati bila sababu: ameyapata kwa mapatano yake na Caius, ambayo anayalipia. Faida yake ina sababu, na sababu ile ni halali. Ndiyo maana njia hii, ambayo watu wanaikimbilia ya kwanza, kwa kawaida inafungwa kwa fundi aliyeitwa na mkubwa wa kazi.

Je, Sempronius arudi nyumbani mikono mitupu? Hapana. Mpaka sasa wote wamebishana juu ya nyumba: ni ya nani, nani ameijenga, nani anakaa ndani. Swali lenye faida ni lingine: Titus ana deni gani bado kwa Caius?

Code civil ya Wafaransa ya mwaka 1804 iliona jambo hili katika kipengele chake cha 1798. Waashi, maseremala na wafanyakazi wengine waliotumika katika jengo lililopewa mkubwa wa kazi wanaweza kumdai mwenye jengo, lakini kwa kipimo cha deni alilo nalo kwa mkubwa wa kazi siku ile wanapoanza kudai. Angalia hekima iliyo ndani. Mwenye nyumba halipi hata franka moja kupita bei aliyoikubali. Feza inabadili tu njia, badala ya kupita mkononi mwa Caius inakwenda moja kwa moja kwa yule aliyetumika. Ubelgiji ulifuata Code ile ile, na kwa sheria ya tarehe 19 ya mwezi wa 2, mwaka 1990, ukataja wazi mafundi waliopewa sehemu ya kazi na mkubwa wa kazi, maana watu walikuwa wakibishana kama neno «wafanyakazi» linawaingiza. Ufaransa ulikuwa umetunga sheria yake tarehe 31 ya mwezi wa 12, mwaka 1975: fundi wa chini anamwonya mkubwa wa kazi alipe, na mwezi mmoja ukipita bila malipo anaweza kumdai mwenye jengo, ila kwa kipimo cha deni lililobaki. Kisha Ufaransa ukaweka juu ya mwenye jengo wajibu wa kuwaangalia mafundi wa chini anaowajua, lakini ukamwondolea wajibu huo mtu anayejijengea nyumba ya kukaa yeye na jamaa yake. Nafikiri walifanya vema. Kampani kubwa ina makarani. Baba wa jamaa hana.

Kwetu Kongo, Dekreti ya 1888 ilizaliwa katika ukoo huo wa sheria, na njia mbili ziko wazi. Ya kwanza ni kipengele cha 64: wadai wanaweza kutumia haki zote za mwenye deni wao, isipokuwa zile zinazoshikamana na nafsi yake. Ni kusema, Sempronius anaweza kusimama mahali pa Caius na kudai kwa Titus kile Caius mwenyewe angaliweza kukidai. Taabu moja: kwa njia hii feza inaingia kwanza katika mali ya Caius, na kama Caius ana wadai kumi, wote watanyoosha mkono.

Ya pili ina nguvu zaidi. Tangu tarehe 12 ya mwezi wa 9, mwaka 2012, Kongo yetu imo katika OHADA, umoja wa sheria za biashara wa inchi kadhaa za Afrika. Sheria yake juu ya kutafuta madeni, iliyotungwa mwaka 1998 na kutengenezwa upya mwaka 2023, inakubali kuzuia feza ya mwenye deni iliyo mkononi mwa mtu mwingine. Sempronius anaomba ruhusa kwa juji, akionyesha kwamba deni lake lina msingi na kwamba kuna hatari ya kulipoteza. Caius aliyetoroka ni hatari ya kutosha! Mjumbe wa tribinali, anayeitwa wisie, anamletea Titus barua. Tangu saa ile Titus hana ruhusa ya kumlipa Caius feza iliyozuiwa, tena anapashwa kutangaza deni lake kwa kweli. Akidanganya ao akikataa kusema, anaweza kuhukumiwa alipe yeye mwenyewe. Kisha Sempronius anaanza upesi kesi juu ya Caius. Akipata hukumu, anafanya feza ile iwe yake.

Sasa tupige hesabu, maana hapo ndipo watu wanapokosana. Bei ni 20.000, Titus amelipa 14.000. Mtu wa haraka atasema: limebaki deni la 6.000, basi Sempronius apate 3.000 zake zote, na Titus abaki na 3.000. Si hivyo. Caius aliiacha nyumba bila saruji ya chini, bila umeme, bila rangi. Fundi mwingine anaomba 4.500 kusudi aimalize. Titus ana haki ya kuhesabu hasara hiyo juu ya Caius, na Sempronius anayesimama mahali pa Caius hawezi kupata haki kupita ile ya Caius. Deni la kweli ni 1.500. Sempronius atapata 1.500, na 1.500 nyingine aifuate Goma ao Kalemie. Na kama kumaliza nyumba kungaliomba 6.500, Titus mwenyewe angalikuwa mdai wa Caius, na Sempronius hangalipata kwake hata kitu.

Hapo Padri awe macho. Ni rahisi Titus aseme 6.500 mahali pa 4.500. Watafute mafundi wawili wasio wa ukoo wa upande wowote, waangalie nyumba, wataje bei. Jambo dogo kama hili limemaliza magomvi mengi kuliko mahubiri.

Neno la siku nalo lina maana kubwa. Titus akimlipa Caius siku ya kwanza kwa nia njema, na barua ya wisie ikafika siku ya pili, hakuna kitu cha kuzuia. Fundi anayengoja miezi sita kwa haya, ao kwa sababu Caius ni shemeji yake, anangoja mpaka sanduku ni tupu. Wafundisheni mafundi wa Wakristo wenu neno hili: siku mkubwa wa kazi anapoanza kukimbia simu, ndiyo siku ya kumjulisha mwenye nyumba kwa barua. Barua ya kawaida haifungi feza kama ile ya tribinali, lakini inamwondolea Titus neno la «sikujua».

Kuna swali moja ambalo ningependa Padri aliulize mbele ya yote, kwani linaweza kugeuza kesi nzima: «Titus, ulimwambia nini Sempronius pale juu ya shantie?» Mara nyingi Caius akikawia kulipa, fundi anashuka toka paa na kutaka kwenda zake. Mwenye nyumba anaogopa mvua. Anasema: «Endelea, feza yako nitakupa mimi.» Neno hilo likishuhudiwa, ni mapatano mapya. Titus si mtu wa tatu tena, amejifunga mwenyewe. Vilevile kama Titus amemwomba Sempronius aongeze dirisha ambalo halikuwa katika bei ya Caius, dirisha lile ni deni lake. Wala asikimbilie kusema kwamba hakuna karatasi. Mbele ya tribinali karatasi ni kitu kikubwa. Mbele ya dhamiri, neno lililotoka kinywani linatosha.

Tumefika kwenye dhamiri. Waseminari wanajua kama wajibu wa kurudisha mali una mizizi miwili: kushika mali ya mwenzako, ao kumletea hasara kwa tendo lisilo haki. Titus aliyemaliza kulipa kwa nia njema hana wa kwanza wala wa pili. Kumwambia katika kitubio kwamba «inapashwa» amlipe Sempronius ni kumwekea mzigo ambao Mungu hakuuweka. Tunaweza kumwomba amsaidie kwa mapendo. Tusiyaite mapendo haki. Lakini Titus anayejua kwamba Caius anawadhulumu mafundi, na ambaye bado ana feza, akakimbilia kumlipa Caius usiku kusudi wisie asikute kitu, huyo amesaidia wizi, na kwa kipimo cha msaada wake anashiriki wajibu. Tena Titus anayesema «deni langu ni 1.500 lakini Caius hayuko, basi zimekuwa zangu» anajidanganya. Zile si zake.

Na Sempronius? Yeye ana kishawishi chake. Anakuja usiku na ngazi, anang'oa mabati. Akikamatwa atasema amechukua kilicho chake. Wengine, waliosikia kidogo mafundisho yetu, watataja compensatio occulta. Tuwaeleze vema. Moralia inakubali kujilipa kwa siri mara chache sana: deni liwe hakika, njia nyingine zote ziwe zimefungwa, na asidhuriwe mtu mwingine. Hapa anayedhuriwa ni Titus, ambaye si mwenye deni. Mabati yakikwisha kupigwa misumari juu ya nyumba, ni sehemu ya nyumba. Kuyang'oa ni wizi na uharibifu, na tribinali itamfunga Sempronius wakati Caius anakunywa pombe yake kwa amani. Milango iliyo bado katika atelie yake ni jambo lingine kabisa: aishike mpaka alipwe, hakuna atakayemlaumu.

Tusichanganye vilevile fundi na kibarua. Sempronius alipatana kazi kwa bei. Ni mtu wa shughuli, hata akiwa maskini. Vijana wanne aliowaajiri kupandisha mbao wana mshahara, na mambo yao yanaangaliwa na Code ya kazi ya tarehe 16 ya mwezi wa 10, mwaka 2002, pamoja na mkaguzi wa kazi. Kilio cha mshahara uliozuiwa, ambacho Musa na Yakobo Mtume wanakisema kwa ukali, ni chao kwanza. Sempronius asiseme: «Caius hakunilipa, basi nanyi mngoje.» Aliwaita yeye.

Wasomaji wenye ndugu katika Marekani watakuwa wamesikia habari nyingine. Ni kweli. Kule, tangu sheria ya Maryland ya mwaka 1791, wakati mji mkuu mpya ulipojengwa, fundi aliyetumika juu ya nyumba anaweza kuandikisha deni lake juu ya nyumba yenyewe, na leo katika majimbo mengi hata fundi asiyepatana na mwenye nyumba anaweza kufanya hivyo, akishika siku na barua zinazotakiwa. Mwenye nyumba asiyejihadhari anaweza kulipa mara mbili, ao kuona nyumba yake inauzwa. Ndiyo maana kule, mbele ya kutoa malipo, anaomba karatasi ya kila fundi inayoshuhudia kwamba hadai kitu. Sheria ile si yetu. Ila desturi yao ya karatasi tungeiiga bila haya.

Naisema hasa kwa sababu mara nyingi Titus ni sisi. Parokia inajenga kanisa, masomo, nyumba ya masista, mkubwa wa kazi anapewa yote, naye anagawa. Canon 1290 ya Code ya 1983 (zamani ilikuwa canon 1529 ya Code ya 1917) inataka tushike katika mapatano na malipo yale yaliyoamriwa na sheria za inchi, isipokuwa yale yanayopinga sheria ya Mungu. Basi Padri hawezi kusema kwamba mambo ya wisie si ya Kanisa. Akipata barua ya kuzuia feza, atangaze deni lake sawa na mtu mwingine. Kwa kazi kubwa zinazopewa makampani kuna tena Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 ya mwezi wa 2, mwaka 2017, inayokataza mkubwa wa kazi kugawia wengine zaidi ya asilimia 40 ya kazi yote. Prokire ya jimbo itaeleza mengine.

Kwa shantie ya kawaida ya parokia, hivi vinatosha. Mkubwa wa kazi alete majina ya mafundi wake na bei ya kila mmoja mbele ya kuanza. Asipewe feza ya sehemu ya pili mpaka aonyeshe risiti za sehemu ya kwanza, zenye mikono ya mafundi. Sehemu ya mwisho ibaki kwa ekonomi mpaka nyumba imekwisha kuangaliwa. Na pale fundi mmoja ana kazi kubwa kupita wengine, kama Sempronius na paa lake, watatu watie mkono chini ya karatasi moja, katekista akiwa shahidi. Karatasi iandikwe kwa maneno mepesi, karibu hivi:

«Mimi Caius nimempa Sempronius kazi ya paa na milango ya nyumba hii kwa dola 4.000. Namwomba Titus amlipe Sempronius mwenyewe dola hizo, sehemu kwa sehemu, kazi inavyoendelea, na azitoe katika bei yangu. Mimi Titus nakubali kumlipa Sempronius hivyo, bila kupita dola 4.000. Mimi Sempronius nakubali kulipwa hivyo, nami nitatoa risiti mbili kila mara, moja ya Titus, moja ya Caius.»